Kupiga picha mawimbi ya Igombe kwa kamera inayosogea

Picha iliyotundikwa sebuleni kwangu ina mikanda mitatu tu: wa chini ni wa kijani kilichokolea hadi kukaribia weusi, wa kati ni mweupe na umechanika mwishoni kama pamba iliyochambuliwa kwa haraka, na wa juu una rangi ya shaba. Wageni huuliza kama ni kitenge cha aina mpya. Ni wimbi la Ziwa Victoria, nililolipiga katika ufuko wa Igombe, wilayani Ilemela, Mwanza, jua likiwa limebakiza kama nusu saa kuzama, kwa kamera ambayo nilikuwa nikiisogeza kwa makusudi huku shata, yaani kile kipazia cha kamera kinachofunguka kuingiza mwanga, ikiwa wazi. Hakuna kilichochorwa wala kubandikwa. Nimeulizwa mara nyingi namna picha za jinsi hiyo zinavyopatikana, nami nimekuwa nikijibu kwa kifupi kwa sababu jibu lenyewe ni refu. Leo nitalieleza lote.

Kazi inayonilisha ni ya harusi, sendofu na kipaimara, na katika kazi hiyo picha iliyotikisika ni deni: mama wa bibi harusi hataki kusikia habari za sanaa anapokuta uso wa bintiye una macho manne. Nilifundishwa, kama walivyofundishwa wapigapicha wengi wa mjini kwetu, kwamba kamera hushikwa imara na shata hufungwa upesi, na ilinichukua muda mrefu kukubali kwamba mtikisiko nao una matumizi yake. Jambo lenyewe ni la zamani. Ernst Haas, mzaliwa wa Vienna, alipiga mapambano ya mafahali kule Hispania kwa shata ya polepole katika miaka ya 1950, akaacha kitambaa chekundu na mwili wa fahali viyeyukiane juu ya filamu ya rangi. Nilipoziona picha hizo kwa mara ya kwanza nilidhani kamera yake ilikuwa mbovu.

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kufuata maelekezo ya watu wa bahari. Mafunzo karibu yote niliyoyapata mtandaoni yametolewa na watu wanaoishi kando ya bahari kuu, na vipimo vyao ni vya huko. Wimbi la bahari lililosafiri kutoka mbali huweza kuwa na sekunde 12 kati ya mgongo mmoja na mwingine. Katika maji ya kina kirefu wimbi kama hilo lina urefu wa zaidi ya mita 220 na hukimbia karibu mita 19 kwa sekunde. Ziwa letu halina nafasi ya kulea wimbi la namna hiyo. Lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, nalo ndilo kubwa kuliko maziwa yote ya Afrika, lakini mawimbi yanayofika Igombe katika siku ya kawaida yamezaliwa na upepo wa siku hiyohiyo, na nikiyahesabu kwa saa ya mkononi napata sekunde 3 hivi kati ya moja na jingine. Wimbi la sekunde 3 lina urefu wa mita 14 tu na mwendo wa mita 4.7 kwa sekunde, na likiingia penye kina kifupi hupunguza mwendo, likajiinua wima, kisha likavunjika. Wala hatuna kupwa na kujaa kwa kuangalia kwenye kalenda; kila kitu kiko mikononi mwa upepo.

Maana ya hesabu hiyo kwa mpigapicha ni kwamba shata ya sekunde 1 au 2, ambayo baharini huacha umbo la wimbi likiwa bado linatambulika, kwetu hufuta kila kitu. Katika sekunde moja wimbi letu limekwisha kusafiri theluthi nzima ya urefu wake na povu limekwisha kumwagika. Picha zangu mia mbili za kwanza zilikuwa uji wa kijivu. Sasa nafanya kazi kati ya 1/8 na 1/2 ya sekunde, na mara nyingi zaidi nasimama kwenye 1/4, kwa kuwa ndani ya robo ya sekunde wimbi husogea kama mita moja hivi: limesogea vya kutosha kulainika, lakini bado halijapoteza mgongo wake.

Saa za kwenda nilifundishwa na mzee mmoja mvuvi wa dagaa, ambaye nyakati za mbalamwezi, wakati taa zao hazina kazi, hushona nyavu zake chini ya mti karibu na mwalo, pale mitumbwi inapoegeshwa. Nilikuwa nikifika saa moja asubuhi, nikitafuta ule mwanga laini unaosifiwa, na nikikuta maji yametulia kama yaliyo ndani ya beseni.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Leo tena umekuja kupiga maji?”

“Nimekuja, mzee, lakini naona hakuna mawimbi.”

“Usiku kucha upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani, asubuhi maji yamelala. Unamwamsha mtu aliyekesha? Nenda ukanywe chai, uje upepo ukigeuka.”

Upepo hugeuka kwa sababu nchi kavu hupata joto upesi na hupoa upesi kuliko maji. Usiku ubaridi wa nchi husukuma hewa kuelekea ziwani, na mchana, kuanzia saa tano au saa sita, hewa hurudi kutoka ziwani ikiwa na nguvu zaidi kadiri jua linavyozidi kuchoma. Kwa hiyo mawimbi mazuri ya Igombe ni ya alasiri na jioni, isipokuwa asubuhi chache za msimu wa mvua ambapo dhoruba ya usiku huacha maji yakiwa bado yamekasirika. Na jioni kwetu haisubiri mtu. Tuko nyuzi 2.5 tu kusini mwa ikweta, jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja hivi mwaka mzima, tena hushuka moja kwa moja bila kuzungukazunguka upeoni, hata ile rangi ya shaba ninayoitafuta hudumu dakika ishirini, pengine pungufu. Dagaa walioanikwa mchangani huwa wamekwisha kukusanywa, mitumbwi inasukumwa majini, na mimi niko nahangaika na vichujio.

Vichujio, yaani vioo vyeusi vinavyofungwa mbele ya lenzi kupunguza mwanga, ni lazima, labda uamue kupiga wakati wa giza tu. Kanuni ya zamani ya jua kali inasema kwamba kwa ISO 100, yaani kamera ikiwa imewekwa ihisi mwanga kidogo tu, na tundu la lenzi la f/16 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo), shata iwe karibu 1/100 ya sekunde. Mimi nataka 1/4, yaani mwanga uingie kwa muda mrefu mara 25, na picha itakuwa nyeupe kama karatasi. Vichujio hupimwa kwa stopu, na kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu: kichujio cheusi cha stopu 3 hupitisha sehemu moja tu ya nane ya mwanga, na cha stopu 6 hupitisha sehemu moja ya 64; nikifunga hicho cha pili, ile 1/100 inakuwa karibu 0.64 ya sekunde, na nikifungua tundu hadi f/11 inashuka kwenye theluthi ya sekunde, ambapo ndipo ninapopataka. Ningeweza kukwepa gharama kwa kufunga tundu hadi f/22, lakini mwanga unaopita kwenye tundu dogo kiasi hicho hutawanyika na kupunguza ukali, na kila chembe ya vumbi iliyokaa juu ya kihisi, kile kibao cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga, huonekana. Kabla sijanunua kichujio cha kweli nilitumia kioo cha kuchomelea vyuma kutoka duka la vifaa vya ujenzi, nikakifunga mbele ya lenzi kwa mipira ya kufungia noti. Kinazuia mwanga kweli, ila kila kitu kinatoka na rangi ya embe bichi, na sikuwahi kufaulu kuiondoa yote.

Sasa mwendo wenyewe, ambao ndio kiini cha jambo hili na ndio unaoelezwa vibaya kuliko mengine yote. Wengi husema tu kwamba utikise kamera. Ukitikisa utapata mtikisiko. Kinachotakiwa ni mwendo mmoja ulio sawasawa, wenye mwelekeo uliouchagua kabla ya kubonyeza, na mwelekeo huo hutolewa na maji. Ninasimama miguu ikiwa imeachana, viwiko vimebana mbavuni, na ninageuka kwa kiuno, sambamba na mgongo wa wimbi na mstari wa upeo. Ninaanza kugeuka kabla ya kubonyeza shata na ninaendelea baada ya shata kufungwa, kama mvuvi anayerusha wavu, ambaye mkono wake hausimami pale wavu unapoachia. Ukianza kugeuka na kubonyeza kwa wakati mmoja, mwanzo wa mstari utakuwa na doa zito, kwa sababu kamera ilikuwa bado imesimama. Lenzi ya milimita 70 kwenye kamera yangu huona upana wa nyuzi kama 29; nikigeuka nyuzi 10 ndani ya robo ya sekunde, kila nukta nyeupe ya povu huburutwa kwenye theluthi ya upana wa picha, na hicho ndicho kipimo ninachokipenda. Kile kifaa cha ndani ya lenzi kinachozuia mtikisiko nakizima, maana kisipozimwa hushindana na mkono wangu.

Povu ndiyo kalamu. Hili nililigundua kwa kupoteza jioni nyingi. Maji ya kijani yasiyo na povu, hata uyaburute vipi, hubaki kuwa maji ya kijani, kwa kuwa hakuna kitu chenye mwanga tofauti cha kuchora mstari. Kwa hiyo nasubiri ule muda mfupi wimbi linapoinama na ncha yake kuanza kuchanika, kabla halijaanguka kabisa. Likishaanguka povu linajaa kila mahali na kalamu inakuwa chokaa iliyomwagika. Mawimbi huja kwa mafungu, madogo kadhaa kisha mawili au matatu makubwa, nami hujizoeza kwenye yale madogo ili mwili uwe umekwisha kushika mwendo makubwa yanapofika. Wakati mwingine nashusha kamera kutoka juu kwenda chini pamoja na wimbi linaloanguka, na mistari hutoka kama kamba zilizosokotwa, lakini katika picha ishirini za namna hiyo napata moja, na mara nyingi sipati hata hiyo.

Usisimame ndani ya maji. Nawaona vijana wanaokuja na kamera wakikunja suruali na kuingia hadi magotini wapate kuona wimbi kwa karibu; ziwa hili lina kichocho, konokono wanaokibeba hukaa penye maji yaliyotulia na majani, na kinga ya uhakika ni kutoyakanyaga. Juu ya jiwe panatosha, na Mwanza haijawahi kupungukiwa na mawe. Jambo jingine ni wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoinuka juu ya maji kama moshi wa nyumba inayoungua. Ukiona moshi huo unaelekea kwako, funika lenzi, funga mdomo, na usubiri.

Jioni moja hunipa picha mia mbili au zaidi, na ninabaki na tatu. Sizichagui siku hiyohiyo. Siku hiyo bado nakumbuka upepo na baridi ya miguu, na kumbukumbu hiyo huifanya kila picha ionekane kuwa na kitu. Baada ya siku tatu kumbukumbu imepoa na picha inalazimika kujisimamia. Zinazoondoka kwanza ni zile ambazo upeo wake umepinda bila sababu, kisha zile zenye kitu kimoja kinachotambulika nusunusu, kwa mfano kichwa cha muogeleaji au kipande cha mtumbwi, kwa kuwa jicho la mtazamaji litakwenda kukitegua kitendawili hicho na kuyaacha maji.

Uhariri wa picha hizi una shida yake ya pekee, na ukiijua sababu yake hutahangaika kubahatisha. Kila nukta ya picha iliyoburutwa ni wastani wa vitu vingi vilivyopita mbele yake ndani ya robo ya sekunde: povu kidogo, kivuli kidogo, mng'ao kidogo wa anga. Wastani huua ncha. Weupe wa povu umechanganyika na kijani, weusi wa bonde la wimbi umechanganyika na mng'ao, na ukitazama histogramu, ile grafu inayoonyesha giza na mwanga wa picha, unakuta mwanga wote umejikusanya katikati kama kichuguu, pande zote mbili zikiwa tupu. Ndiyo maana picha hutoka ikiwa imefifia kama nguo iliyoanikwa mwezi mzima. Kazi ya kwanza ni kukinyosha kichuguu hicho, kushusha vivuli hadi viguse weusi na kupandisha povu hadi likaribie weupe, bila kuligusisha kabisa.

Kwenye picha ya sebuleni nilifanya hivyo kwa faili ghafi, yaani data ya kamera kabla haijageuzwa kuwa picha ya kawaida, na ninasisitiza faili ghafi kwa sababu ya hesabu. Faili la kawaida la JPEG lina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. Faili ghafi la kamera yangu, lenye biti 14, lina ngazi 16,384. Ukinyosha picha iliyojikusanya katikati, unazitawanya ngazi zilizopo, na zikiwa chache utaona mikato kwenye sehemu laini, kama matuta ya viazi. Mkanda wa shaba wa picha ile ulikatika hivyo nilipojaribu kwenye JPEG. Kisha nilishusha mwanga wa pembe ya chini kushoto, palipokuwa na mng'ao uliovuta jicho, nikafuta madoa kumi na moja ya vumbi, ambayo kwenye picha ya kawaida yangejificha lakini kwenye mikanda laini yalionekana kama chawa kwenye shuka, nikaacha ukali bila kuuongeza hata kidogo, maana hakuna ukingo wa kunoa, na mwishoni nikatia chembechembe chache sana ili karatasi isije ikaonyesha mikato niliyoikimbia.

Rangi ndiyo iliyonitesa zaidi. Programu ya kuhariri ina kitufe cha kuhamisha kijani kwenda bluu, na ukikisogeza kidogo tu ziwa linakuwa bahari, picha inang'aa, na watu wanaipenda. Nimeifanya picha hiyo. Ninayo. Lakini kijani cha maji yetu kinatokana na mwani unaostawi kwa rutuba inayotiririka kutoka mashambani na mijini, na hasa ndani ya ghuba hukolea mpaka unadhani mtu ameloweka majani. Kukigeuza kuwa bluu ni kusema uongo kuhusu kitu kimoja pekee ambacho picha dhahania bado inakisema kwa uwazi. Umbo nimelifuta mwenyewe kwa mkono wangu, mahali pamefutika, saa imefutika. Rangi nikiifuta pia, sijui nitakuwa nimepiga nini. Kwa hiyo nimejiwekea mpaka: naruhusu mwanga kupanda na kushuka, naruhusu joto la rangi lisogee kufidia kichujio, lakini kijani hubaki kijani.

Mpaka huo ulivunjwa na mtu mwingine mara ya kwanza nilipochapisha. Nilipeleka faili katika duka moja la picha mjini, nikarudi kesho yake nikakuta bwawa la kuogelea la hoteli. Mashine yao ilikuwa imewekwa irekebishe rangi yenyewe, na kwa akili yake maji ni bluu. Yule kijana wa mapokezi aliniambia kwa upole, “Kaka, sisi tumeiboresha, ilikuwa imechafuka.” Sikuwa na la kumjibu, maana kwa macho ya mtu wa harusi alikuwa na haki. Tangu siku hiyo naomba marekebisho ya mashine yazimwe, napeleka faili la sRGB, mpangilio wa rangi unaotumiwa na skrini nyingi, nalipia kwanza kipande kidogo cha majaribio kwenye karatasi isiyong'aa, na naipandisha picha mwanga kidogo kuliko ninavyoiona kwenye skrini, kwa kuwa skrini inawaka na karatasi haiwaki.

Kipande kimojawapo cha majaribio nilimpelekea mzee wa mwalo. Alikigeuza juu chini, akakirudisha, akauliza samaki wako wapi. Nikamwambia hakuna samaki, ni maji tu yakienda. Akakiweka ndani ya kofia yake, akasema atamwonyesha mkewe, na hatujakizungumzia tena.

Yeye ndiye aliyenipa jambo ninalolishughulikia sasa bila kujua. Jioni moja ya giza la mwezi nilibaki Igombe baada ya jua kuzama, nikakuta mitumbwi ya dagaa inatoka, kila mmoja na taa yake ya sola imewashwa mapema. Niliweka kamera kwenye stendi, kichujio nimekitoa, shata nikaiacha wazi kwa sekunde 9, na nikawa naigeuza polepole kutoka kushoto kwenda kulia, nikitegemea kupata mstari mmoja wa mwanga ulionyooka. Sikuupata. Taa ilikuwa ikipanda na kushuka na mtumbwi, na nilipoitazama picha nyuma ya kamera, mkono umejikinga na wadudu, mstari ulikuwa na vilima vitatu.